Ajuaye Ana Deni Gani kwa Asiyejua?

Mzazi mmoja wa upande wa Bunda ametuletea swali ambalo kwa sura yake ni dogo, bali kwa undani wake ni kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Kijana wake, baada ya kumaliza kidato cha nne, amejifunza kuunda kompyuta kwa vipande vya mashine kuukuu, naye huziuza kwa bei nafuu kwa majirani. Tena watu humjia asubuhi na jioni: huyu mashine yake imegoma kuwaka, yule picha za arusi zimepotea, wa tatu amesahau neno lake la siri. Mzazi auliza: Je, ni halali mtoto huyu kuwatoza watu fedha kwa kazi ya dakika tano? Na kwa upande wa pili, je, ni wajibu wake kuwasaidia wote bure, maadamu alichonacho ni maarifa tu, na maarifa hayapungui yakigawiwa?

Tungeweza kumjibu kwa maneno machache, kwamba kutoza kwa kiasi ni halali na kusaidia ni jambo jema, kisha tukaweka kalamu chini. Lakini nyuma ya swali hili limesimama swali jingine, nalo lawahusu watu wengi zaidi ya mafundi wa kompyuta: mtu ajuaye ana deni gani kwa mtu asiyejua? Daktari, mwanasheria, mwalimu, karani wa benki, hata mhariri wa gazeti, wote wapo mahali pamoja na kijana huyu. Yeye twamchukua kuwa mfano kwa sababu kazi yake bado ni mpya machoni petu, na jambo jipya hutuonyesha wazi yale ambayo katika jambo la zamani tumekwisha kuyazoea.

Mtazame fundi baiskeli chini ya mti wake pale Nyasho, mjini Musoma, ambaye yupo hata leo ingawa pikipiki zimempunguzia riziki. Mwenye baiskeli huketi juu ya gogo akitazama. Aona mpira ukitumbukizwa katika karai la maji, aona mapovu yakitoka, aona kiraka kikibandikwa. Fundi akitaka kumdanganya itambidi amdanganye mbele ya macho yake. Lakini mwenye kompyuta aona nini? Aona sanduku jeusi, na kiwambo kilichoandika maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa. Akiambiwa kwamba imekufa, ataamini imekufa. Akiambiwa imefufuka kwa gharama kubwa, ataamini vilevile, wala hana karai la maji la kumwonyesha mapovu.

Wengine hudhani kompyuta ni kitu kimoja kizima kama jiwe. La, ni mkusanyiko wa vipande vichache ambavyo mtu wa akili ya kawaida aweza kuvijua kwa majuma machache. Kuna bodi kuu, ambayo vipande vyote hukutana juu yake. Kuna prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu. Kuna kumbukumbu ya muda, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Kuna diski, ambayo haisahau. Na kuna kisanduku cha umeme, ambacho huupunguza umeme wa ukutani hata ukawafaa wale wengine. Ofisi za Ulaya na Marekani huziondoa mashine zao baada ya miaka michache zingali na nguvu, nazo hufika kwetu kwa njia ya Dar es Salaam na Mwanza zikiwa mitumba, kama zilivyo nguo na viatu. Kijana wetu huchukua moja iliyoungua kisanduku cha umeme na nyingine iliyovunjika kumbukumbu, akazifanya moja iliyo hai. Husugua meno ya kumbukumbu kwa ufutio wa mwanafunzi, hupuliza vumbi la feni, hubadili dawa kavu iliyo juu ya prosesa. Akiiondoa ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kuweka diski ya namna mpya, isiyo na kitu kinachozunguka, mashine ya miaka kumi huamka kana kwamba imebatizwa jina jipya. Hii ni kazi ya heshima, tena ni kazi yenye ukoo. Mwezi Machi 1975, huko Menlo Park katika jimbo la California, vijana na wazee walikutana katika banda la gari la mwenzao wakaanza chama cha watu waliojiundia kompyuta nyumbani, na Steve Wozniak aliwagawia wanachama michoro ya mashine aliyoibuni, bila malipo. Mwaka 1980, Mwingereza Clive Sinclair aliuza kompyuta ya nyumbani kwa bei iliyo chini ya pauni 100, na aliyekubali kuiunga mwenyewe kwa mkono wake aliipata kwa bei ndogo zaidi. Mwaka 2012 ikatoka Uingereza ile kompyuta iitwayo Raspberry Pi, bodi tupu yenye ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35. Nayo imekwisha kutumika katika shule za sekondari za Karatu, ikitumia umeme wa jua. Basi kijana anayeunda kompyuta ya bei nafuu nyumbani asijione kuwa mchuuzi wa vyuma chakavu tu. Ana wakubwa waliomtangulia.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Juu ya bodi kuu ya kompyuta kuna kibetri kidogo, mfano wa sarafu, ambacho hutunza saa na tarehe wakati umeme haupo. Kibetri hicho kikiisha, mashine hurudi nyuma miaka mingi, na kwa kuwa yaamini kwamba leo ni siku ya zamani, hukataa kufungua kurasa za benki na za serikali, ikidai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali. Mwenye mashine aona onyo la kutisha, afikiri ameibiwa au ameingiliwa na wezi wa mitandao, akimbilia kwa fundi akihema. Fundi ajua tangu mlangoni kwamba tatizo ni kibetri, kitu ambacho bei yake yakaribia bei ya soda. Nani atamzuia kusema kwamba bodi kuu imeungua? Hakuna shahidi. Mteja atalipa, tena atashukuru. Hata ataondoka akimsifu kwa jirani zake, na sifa hizo zitamletea wengine wa kuibiwa.

Swali hili la kunyamaza si geni. Cicero, mwanasheria wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu alichomwandikia mwanawe juu ya wajibu. Alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akafika kisiwa cha Rhodes wakati watu wana njaa na bei imepanda sana. Mfanyabiashara huyu ajua kwamba nyuma yake zaja merikebu nyingine nyingi zenye nafaka. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu? Wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, hawakupatana. Diogenes alishika kwamba muuzaji asiseme uongo, atimize yaliyoamriwa na sheria, basi yatosha. Kunyamaza si kudanganya. Antipater alimjibu kwamba wanadamu ni jamii moja, na kumficha mwenzako jambo limpasalo kulijua ili wewe upate faida ni kuivunja jamii hiyo. Cicero alimwunga mkono Antipater.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alilirudia jambo hilohilo, naye aliligawa kwa busara ambayo twaiona yafaa hata katika kibanda cha fundi wa Bunda. Juu ya zile merikebu alisema kwamba haki haimlazimishi mfanyabiashara kutangaza kuwa bei itashuka kesho, ingawa akitangaza atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Bali juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu chenyewe, alisema muuzaji hana budi kuifunua ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari. Na kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, maadamu bei imepunguzwa kwa kadiri yake. Kila mwenye macho aiona.

Tazama jinsi mgawanyo huu unavyotusaidia. Kasha lililokwaruzwa ni farasi wa jicho moja: mnunuzi aliona mwenyewe. Kwamba mwezi ujao bei ya kompyuta za mtumba huenda ikashuka, hilo ni merikebu zilizo nyuma. Kijana halazimiki kulisema, ingawa akimwambia mjane mwenye haja ndogo asubiri kidogo, atakuwa amemtendea vizuri. Lakini diski ni jambo jingine kabisa. Ndani ya diski kuna daftari dogo ambalo fundi aweza kulisoma kwa programu ya bure, nalo laeleza diski imefanya kazi saa ngapi tangu ilipozaliwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala, na yeyote anayeijaza kumbukumbu za shule nzima huku akidhani ni changa, ameuziwa msiba. Hapo ukimya ni wizi. Na kisanduku cha umeme kilichofunguliwa na kuungwaungwa kwa waya usiofaa, ambacho siku umeme ukirudi kwa kishindo chaweza kuwaka moto ndani ya nyumba wanamolala watoto, hicho hakifunuliwi tu. Hakiuzwi kabisa, hata mnunuzi akisema hajali.

Hata hivyo twaona kwamba mfano wa nafaka haumalizi shauri letu. Mfanyabiashara wa Rhodes aliuza kitu. Fundi anayetengeneza auza hukumu yake. Mteja aliyekuja na mashine iliyopotewa na tarehe haji kununua kibetri, kwa maana hajui kama kibetri kipo. Amekuja kununua ukweli juu ya mashine yake, na kibetri chaja baadaye. Akipewa uongo, hakupunjwa katika bidhaa. Amenyimwa bidhaa yenyewe. Ndiyo sababu twasema fundi mwongo ana kosa kubwa kuliko mwuza samaki anayeweka dagaa wabovu chini ya wazuri. Dagaa wataonekana jioni sufuriani. Uongo wa fundi huenda usionekane milele.

Na fedha je? Dakika tano za kazi zastahili malipo? Mzazi wetu ajibiwe bila kusitasita: ndiyo. Mteja halipi dakika tano. Hulipia miezi ile kijana alipoharibu vipande vyake mwenyewe ili asiharibu vya watu. Hulipia usiku aliokesha akisoma. Thomas wa Akwino alipoulizwa kama mwanasheria aweza kupokea fedha kwa ajili ya elimu yake, alijibu kwamba aweza, kama daktari naye awezavyo, lakini kwa kiasi, akitazama hali ya mtu, uzito wa jambo, taabu ya kazi na desturi ya nchi. Vipimo hivyo vinne twavipenda. Kijana aliyetoza kibetri kwa bei ya kibetri na juu yake akaongeza ujira wake unaojulikana, akiutaja kabla hajashika bisibisi, hakumdhulumu mtu. Tena twaongeza jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: kutazama tu na kutaja ugonjwa kuna bei yake, na ni heri kuitoza bei hiyo waziwazi kuliko kuificha ndani ya bodi kuu ambayo haikuungua.

Upande wa pili wa swali ni mgumu zaidi, kwa sababu katika nchi yetu undugu hauna mwisho. Fundi akijulikana, ukoo wake huongezeka ghafla. Mashemeji ambao hawakuonekana tangu mazishi ya babu huja na kompyuta kwapani, huketi, hula, husalimia kwa urefu, nao wadhani kwamba salamu ndiyo malipo. (Wajomba wasitukasirikie, wanajijua.) Je, kijana alazimika kuwatumikia wote bure kwa kuwa ni ndugu? Hapa tena yule mwalimu wa Akwino alijibu vizuri, alipokuwa akiuliza kama wakili ni lazima awatetee maskini wote. Hakuna mtu, alisema, atoshaye kutenda matendo yote ya huruma kwa watu wote. Wajibu wambana mtu pale ambapo aliye karibu naye, mahali pale na wakati ule, ana shida ya kweli, wala haonekani mwingine wa kumsaidia.

Tuipime kanuni hiyo kwa mambo yetu. Binti wa Butiama ana usiku mmoja tu kabla ya kufungwa kwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo siku hizi hujazwa kwa mtandao, na mashine imegoma, na hana fedha. Kijana alalapo mlango wa pili hawezi kumwambia aje kesho saa za kazi. Hapo ana deni, na deni hilo si hisani. Lakini bwana mwenye duka anayetaka mashine yake iharakishwe ili acheze michezo ya mpira, huyo ni mteja, hata kama ni mjomba. Alipe, au angoje. Wala kijana asione haya kumwambia hivyo kwa adabu, kwa maana anayemtumikia kila mtu bure mwishowe hufunga kibanda chake, na siku binti wa pili atakapokuja hatamkuta fundi.

Mzazi amesema maarifa hayapungui yakigawiwa. Ni kweli, muda ndio hupungua, na nguvu, na mafuta ya taa ya yule anayekesha. Lakini ndani ya maneno yake kuna jambo ambalo twalitaka lisipotee. Ikiwa maarifa hayapungui, basi msaada ulio bora si kutengeneza, ni kufundisha. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alilitumia neno hilo mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Jirani aliyekujia mara mbili kwa ugonjwa uleule, mara ya tatu mketishe, umpe jembe: mwonyeshe namna ya kuizima mashine na kuiwasha upya, kupuliza vumbi, kuweka nakala mbili za picha zake mahali pawili mbalimbali. Picha za arusi zilizotajwa hapo juu zisingalipotea kama mtu mmoja angalifanya hivyo.

Hapa pana kishawishi kilichojificha kuliko kile cha fedha. Kuna fundi ambaye hatozi hata senti, mpole, mwenye kuitika akiitwa, na bado awatendea watu vibaya kwa sababu apenda kuhitajiwa. Huishika mashine, vidole vyarukaruka, kiwambo chapepesuka, na kwa nukta chache amemaliza. Mwenye mali hakuona kitu wala hakuelezwa. Atarudi, na fundi ajua kwamba atarudi, na moyoni afurahi. Fedha haikuingia, lakini kitu kingine kimeingia. Huyo amejijengea ufalme mdogo juu ya ujinga wa majirani zake, na twaona ni vigumu kumsahihisha kuliko mwizi, kwa kuwa kila mtu humsifu.

Ya kwamba jambo hili si dogo, nchi yetu ililipa karo kujifunza. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ilijaribiwa kuhamishia hesabu za serikali katika mashine, kazi ikiwa mikononi mwa wageni, nao wananchi walioijua walikuwa wachache mno. Mpango ule ulianguka, hesabu zikarudishwa kufanywa kwa mkono, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Wengi wa siku hizi huicheka amri ile. Sisi hatuicheki sana. Ilikuwa ni kilio cha mtu aliyeuziwa kitu asichoweza kukifungua wala kukihukumu, akaona heri kukifukuza nyumbani. Dawa yake haikuwa kufukuza, ilikuwa kujua, nayo ilichelewa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, ili karani asihitaji mkalimani mbele ya mashine yake. Hiyo ndiyo aina ya msaada tunayoisema. Na Nyerere, katika miaka ya 1960, alimlinganisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta chakula cha mbali; asiporudi, ni msaliti. Kijana wa Bunda alisomeshwa kwa ng'ombe wa baba yake na kwa kodi za watu wa Mara. Hakurudi kutoka mbali, yupo palepale. Sharti alete chakula.

Kuna deni jingine ambalo twalitaja kwa ufupi kwa sababu halina ubishi. Akupaye kompyuta yake akupa nyumba yake: barua, picha, hesabu za mkopo, vyeti vya hospitali. Huko Hong Kong, mwaka 2008, picha za faragha za watu mashuhuri zilitawanywa duniani baada ya kunakiliwa kutoka katika kompyuta iliyopelekwa kwa mafundi, na maisha ya watu kadhaa yakaharibika. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa Kanada walinunua diski kuukuu sokoni Ghana, wakakuta ndani yake nyaraka za mikataba ya kampuni kubwa ya zana za vita ya Marekani. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini fundi asiyefungua jalada lisilohusu ugonjwa haogopi sheria. Yu sawa na mpiga chapa wa zamani aliyeandikiwa barua na wasiojua kusoma, akaenda nayo kaburini. Na diski ya mtumba ifutwe barabara kabla haijauzwa, kwa heshima ya mtu wa Ulaya ambaye hatutamjua kamwe.

Limebaki jambo la programu za kunakili. Tusifiche: mashine nyingi za bei nafuu katika miji yetu zina programu zilizovunjwa kufuli. Ugomvi huu una umri wa kompyuta zenyewe za nyumbani. Mwezi Februari 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia waunda kompyuta barua ya wazi akiwalaumu kwamba wengi wao waliiba programu yake. Walimjibu kwa hasira, kwamba kushirikiana ndiyo desturi yao. Miaka saba baadaye Richard Stallman alianza kazi ya kuandika programu zilizo huru, kwa kuwa aliona ni uovu mtu kukatazwa kumsaidia jirani yake kwa kumgawia nakala. Twamwelewa Gates, maana kila mtenda kazi astahili ujira. Twamwelewa na Stallman. Lakini tofauti yao yafaa ishikwe: Stallman hakuvunja kufuli la mtu, aliandika yake akaigawa. Kutokana na kazi yake na ile ya Linus Torvalds wa Finland, aliyeanza Linux mwaka 1991, leo kijana wa Bunda aweza kuijaza mashine programu zote za shule na ofisi bila kuiba na bila kulipa.

Husemwa, maskini hana njia. Wanateolojia hawakumlaumu mwenye njaa aliyechukua mkate pasipokuwa na njia nyingine. Haya, lakini njia nyingine ikiwapo, tena ni bure, sababu ya dharura yaondoka, na kilichobaki ni uvivu wa kujifunza kitu kigeni, pamoja na hatari, kwa maana kufuli lililovunjwa mara nyingi huacha mlango wazi kwa wadudu wa kompyuta. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo haikunyamaza. Twajua kwamba mteja hudai programu aliyoizoea na kwamba fundi anayekataa hupoteza mteja. Hapo twakiri kwamba uaminifu wa fundi una gharama, wala hatumwahidi kwamba gharama hiyo atarudishiwa.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu moja. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku tunapomkumbuka Baba wa Taifa, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa namna ya kawaida, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi za zamani, ingawa zingali nzima. Basi ofisi za Ulaya zitazidi kuondoa kompyuta zao, na shule na parokia zetu zitazidi kupokea barua za wafadhili wema wenye kontena. Kabla ya kujibu ndiyo, mkuu wa shule amwite kijana wa namna ya huyu wa Bunda, aulize: zina umri gani, diski zimefanya kazi saa ngapi, ngapi zawaka, na zisizowaka zitakwenda wapi? Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliwekwa ili mataifa yasitupiane sumu kwa jina la bidhaa, na Tanzania ina kanuni zake za taka za umeme tangu mwaka 2021. Zawadi ambayo nusu yake ni taka yampa mpokeaji kazi ya kuzika. Na katika stoo za shule nyingi zimelala zile skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, ambazo kioo chake kina madini ya risasi. Zisivunjwe nyuma ya jiko, wala nyaya zake zisichomwe ili kupata shaba. Ziwekwe pakavu, zihesabiwe, na halmashauri iulizwe kwa barua ni nani mwenye kibali cha kuzichukua.